DAKTARI WA KISIWANI HUANDALIWA KIJIJINI

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakishatangazwa, vijana wa Magu na wa visiwa vya ziwa letu huanza mbio za kuomba nafasi katika vyuo vya udaktari. Mbio hizo ni njema, ila kwa wengi huwa zimechelewa. Maandalizi yake huanza miaka mingi kabla ya fomu kujazwa: nyumbani, darasani na katika ofisi ya kijiji.

Wazee wetu wanalikumbuka Azimio la Musoma la Novemba 1974. Halmashauri Kuu ya TANU, ikikutana kando ya ziwa hili hili, iliamua kwamba kijana amalizapo kidato cha sita atumikie kwanza Jeshi la Kujenga Taifa na kufanya kazi, kisha mwajiri wake na tawi la Chama watoe maoni juu ya tabia na juhudi yake, ndipo Chuo Kikuu kimpokee. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro zake, na hatimaye uliachwa. Lakini ndani yake lilikuwamo swali la maana: huyu anayetaka kututibu, sisi tunamjua?

Leo kinachotazamwa ni alama za Fizikia, Kemia na Baiolojia. Mtoto aliyeiacha Fizikia kwa kukosa mwalimu, au aliyesoma Kemia bila kuiona maabara, hujikuta amefungiwa mlango kabla hajajua kwamba upo. Hata anayepitia stashahada ya utabibu, akapanda ngazi akiwa kazini, hawezi kuikwepa sayansi.

Lipo na suala la karatasi. Shahada ya udaktari huchukua miaka mitano, mbali na mwaka mmoja wa utarajali. Ni wachache miongoni mwetu, wavuvi na wakulima wa pamba, wanaoweza kuigharimia bila mkopo. Bodi ya Mikopo hudai cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na kwa yatima, cheti cha kifo cha mzazi. Mvuvi aliyefia ziwani akazikwa kisiwani siku hiyo hiyo, ni nani aliyekwenda kuandikisha kifo chake? Miaka kumi baadaye mwanawe huhangaika kutoka ofisi hadi ofisi, na huku muda wa maombi unakwisha.

Daktari huyo tunamhitaji. Katika kisiwa cha Ijinga, wilayani Magu, watafiti wamekichunguza kichocho cha tumbo, ugonjwa unaowapata watu wetu katika maji yale yale wanayochota, wanayooga na wanayovulia. Aliyekulia mwaloni anajua kwa nini mama huingia majini na ndoo hata baada ya kuonywa. Ujuzi huo kijana huenda nao chuoni; haupati huko. Na chuo hakiko mbali tena: mafunzo ya madaktari yaliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1963 yapo Bugando, jijini Mwanza, tangu mwaka 2003.

Ndugu wazazi wa visiwani, andikisheni vizazi na vifo mapema, wala msimtoe mtoto darasani kwa ajili ya dagaa. Binti anayependa sayansi aachiwe taa na saa za kusoma kama kaka yake.

Ndugu watumishi wa Serikali, mwalimu wa Fizikia anayepangiwa kisiwani apatiwe nyumba, ili asirudi na kivuko kilichomleta. Maabara zipewe vifaa. Na mtendaji asimzungushe kijana anayetaka saini katika fomu ya mkopo, kwani saini hiyo ni haki ya mwombaji.

Mwaka 1974 umma ulipewa sauti ya kumpendekeza msomi wake. Sauti hiyo haipo tena, bali kazi ya kumwandaa imebaki mikononi mwetu. Tuifanye.