Kamera Mikononi mwa Mfanyakazi



Picha za kiwandani tulizozizoea hupigwa siku anapokuja mgeni: sakafu imefagiwa, nasi tumepangwa nyuma ya meneja. Jasho letu halionekani.

Wenzetu wa Ujerumani walilitambua jambo hili zamani. Mwezi Machi 1926 gazeti la wafanyakazi AIZ, la Willi Münzenberg, lilitangaza mashindano ya picha. Wasomaji walitakiwa wapige picha za maisha yao wenyewe, kazini na nyumbani. Mwaka huohuo wapiga picha hao waliunda chama chao na jarida lao, Der Arbeiter-Fotograf. Mwaka 1933 Wanazi walipotwaa madaraka, AIZ ililazimika kuhamia Prague.

Filamu yao ilikuwa nyeusi na nyeupe. Hata leo filamu hiyo mtu aweza kuisafisha mwenyewe gizani, kwa dawa na maji, bila kuipeleka studio. Haina rangi za kupamba. Kovu huonekana kovu.

Nasi katika matawi yetu tuchague jambo moja kila wiki: wiki hii mikono, wiki ijayo viatu, kisha chakula cha mchana, kisha mashine isiyo na kinga. Nyuma ya kila picha tuandike tarehe na mahali. Siku ya mazungumzo na mwajiri, huo ni ushahidi wetu.

Ila tusimpige mwenzetu picha bila ridhaa yake. Sura yake ikijulikana, huenda akafukuzwa kazi, na watoto wake ndio watakaolala njaa.