NDIZI ZILIVYONIUMBUA UKWENI!

Msomaji wangu, usicheke. Jumamosi iliyopita nilikwenda kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu, Wachagga wa Machame waishio Kimara. Mtoto wa mjini sikutaka kwenda mikono mitupu. Nikapitia Mahakama ya Ndizi, Mabibo, nikachagua mkungu mnene, mbichi, unang'aa. Nikajiona bingwa.

Mama mkwe mtarajiwa akaukagua, akatabasamu kwa huruma. "Asante mwanangu, lakini hizi ni za kuivisha. Mtori unataka mshale." Mashemeji wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nikachemsha mchana kweupe!

Basi mama akanipa somo. Mshale ni ya mtori. Mzuzu, ya kukaanga. Bukoba, pika na maharage. Kisukari, subiri iive ule hivi hivi. Mkono wa tembo, ndizi moja tu umeshiba. Na mimi miaka yote najua aina mbili: mbichi na mbivu!

Akasema kwenye kihamba cha mama yake kulikuwa na aina nyingi kuliko hizo. Siku hizi wanapanda zile tu zinazotakiwa na wenye malori. Nyingine zimebaki majina kichwani mwake.

Aibu ikanipeleka kusoma, na niliyoyakuta si kichekesho. Mpaka miaka ya 1950, ndizi zilizouzwa Ulaya na Marekani zilikuwa karibu zote aina moja, Gros Michel, ile ambayo Waganda wanaiita bogoya. Sasa, ndizi tunazokula hazina mbegu za kupanda. Unang'oa chipukizi, unapanda, na mgomba mtoto unakuwa mama yake mtupu. Shamba zima mapacha! Ukaingia ukungu wa ardhini uletao mnyauko, uitwao ugonjwa wa Panama, ukafyeka mashamba ya Amerika ya Kati. Dawa za kupuliza hazikufua dafu.

Matajiri wa ndizi wakahamia Cavendish, ambayo ukungu ule haukuiweza. Wakarudia kosa lile lile: mashamba makubwa, aina moja. Ukazuka ukungu mwingine, TR4, unaoua hata Cavendish. Mwaka 2013 ulitangazwa kuonekana Msumbiji, majirani zetu kabisa.

Sasa sikia hii. Wataalamu wa vinasaba wamegundua kwamba Gros Michel na Cavendish zote zina damu ya ukoo mmoja na mshale. Ndiyo, mshale hii hii ya mtori! Yenyewe inaugua mnyauko ule wa zamani, lakini ndizi za Bukoba zinaustahimili. Umeona ujanja wa bibi zetu? Ukipanda aina kumi, ugonjwa unaoiangusha hii, ile inautazama tu, na watoto wanakula. Ukipanda moja, ikianguka mmeanguka wote.

Kwa hiyo mshikaji, ukienda sokoni uliza jina la ndizi. Inayoulizwa inapandwa, isiyoulizwa inang'olewa, na jina lake linazikwa na bibi.

Mimi Jumamosi hii narudi Kimara na mkungu wa mshale begani. Nikikosea tena, mahari inapanda!