UYOGA NI TUNDA LA MTI ULIO HAI

Mvua za kwanza zinapolowesha mapori ya miombo ya Geita, Bukombe na Kahama, haupiti muda mrefu kabla ya akina mama na watoto kuingia porini na vikapu vyao. Huchuma uyoga wa manjano, mwekundu na mweupe. Mwingine hupikwa siku hiyo hiyo, mwingine huuzwa kandokando ya barabara, na unaosalia huanikwa juani uwe kitoweo cha kiangazi.

Sisi wa mijini hununua fungu letu bila kujiuliza limetoka wapi. Hata katika usemi wetu, vitu vinavyotokea kwa ghafla husemwa kuwa vimechipuka kama uyoga. Lakini uyoga hauchipuki kwa ghafla. Umekuwamo ardhini miaka mingi kabla ya kuonekana.

Yafaa ieleweke kwamba uyoga si mmea wala si mnyama, bali ni wa jamii ya kuvu. Kile tunachokichuma ni tunda tu. Mwili wenyewe ni nyuzi nyembamba mno zinazotambaa udongoni na kwenye majani yaliyooza. Kwa kuwa hauna rangi ya kijani, hauwezi kujitengenezea chakula kwa nguvu za jua kama mimea ifanyavyo. Sharti upate riziki yake kwa mwingine.

USHIRIKA WA CHINI KWA CHINI

Aina nyingi za uyoga wa miombo hupata riziki hiyo kwenye mizizi ya miti iliyo hai. Nyuzi za kuvu hufunika ncha za mizizi kama ala inavyofunika kisu. Mti huwapa kuvu sukari iliyotengenezwa na majani; kuvu nao huuletea mti maji, fosforasi na naitrojeni kutoka mahali ambapo mizizi peke yake isingefika. Katika udongo hafifu wa miombo, hiyo si hisani, bali ni nipe nikupe inayowawezesha wote wawili kuishi.

Mwaka 1885 mtaalamu wa Ujerumani, Albert Bernhard Frank, ndiye aliyeupa ushirika huo jina la kisayansi. Mwaka 1982 mtaalamu wa Sweden, Peter Högberg, alichapisha uchunguzi wake juu ya mizizi ya miti ya Tanzania, ambamo jamii ya mtundu na myombo ilionekana kuwa na ushirika wa namna hiyo. Mninga na migunga ina kuvu wa aina nyingine, wanaoingia ndani ya mizizi na wasiotoa uyoga wowote. Ndiyo sababu pori la migunga halitoi mavuno ya uyoga kama pori la miombo. Uyoga wa vichuguu nao una mwenzi wake mwingine: hulimwa na mchwa ndani ya kichuguu, nao humsaidia mchwa kuyeyusha mabaki ya miti.

MTI UKIANGUKA

Basi ukikata mtundu na kung'oa kisiki chake, umekata sukari ya kuvu. Uyoga hutoweka pamoja na mti, na hakuna mbegu itakayoweza kununuliwa dukani ili kuurudisha.

Mkoa wa Shinyanga unaijua hasara hiyo. Wakati wa ukoloni mapori makubwa yalifyekwa ili kumwangamiza mbung'o. Kisha yakafuata mashamba ya pamba, mifugo mingi na haja ya kuni. Huko Geita, mgodi wa zamani uliofanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, na baadaye wachimbaji wadogo, walihitaji magogo ya kuzuia kuta za mashimo zisiporomoke, na mkaa wa kupikia. Mgodi mkubwa wa kisasa, ulioanza Geita mwaka 2000, huondoa hata udongo wa juu, ambamo kuvu wanaishi.

Hata hivyo dawa imeonekana. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, uliofufua desturi ya Wasukuma ya ngitili, ambayo ni kutenga eneo lipumzike. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, ngitili zilikuwa zimefikia zaidi ya hekta 300,000 katika mkoa kama ulivyokuwa wakati huo. Sehemu kubwa ya miti hiyo haikupandwa na mtu, bali ilichipua kutoka kwenye visiki na mizizi iliyobaki hai.

Anayepanda miche kwenye vifusi vya mgodi naye akumbuke habari ya misonobari. Ilipoletwa Afrika, mahali pengi miche yake ilidumaa na kugeuka manjano, mpaka ulipoletwa udongo kutoka chini ya misonobari iliyokwisha kukua. Mche wa mtundu nao huhitaji udongo wa msitu wake.

TAHADHARI KWA WAZAZI

Dhahabu huwavuta Geita watu wa mikoa mingi, na uyoga unaofanana na ule wa kwao waweza kuwa sumu. Sumu ya baadhi ya uyoga wa jamii ya Amanita haiondoki kwa kupikwa wala kwa kukaushwa. Dalili zake huchukua saa 6 hadi 24 kuanza. Kisha mgonjwa huweza kuonekana amepata nafuu, kumbe ini linazidi kuharibika. Uyoga ulioliwa na wadudu si lazima uwe salama kwa binadamu. Usioujua usiule, na aliyeugua apelekwe hospitali mara moja pamoja na mabaki ya uyoga huo.

Anayetaka uyoga pasipo kwenda porini aweza kulima ule uitwao mamama, ambao hula vitu vilivyokufa na humea vizuri kwenye maganda ya mbegu za pamba, ambayo si haba Usukumani. Lakini uyoga wa manjano wa miombo hautakubali kuishi bandani. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kuvu bila mti hawazai. Mwenye kutaka wajukuu wake wauonje, akiache kisiki kichipue.