Umehama Jimbo Katikati ya Mwaka: Kodi Unalipa Wapi?



Februari 2026 mwenzetu mmoja wa zamu ya usiku alitujia ofisini na bahasha mkononi. Alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha kuku huko Kentucky hadi mwisho wa Juni 2025, kisha akahamia huku Iowa na kuingia kiwanda cha nguruwe. Mtu mmoja wa mjini, anayejaza fomu za kodi kwa malipo, alikuwa amemwambia kwamba anadaiwa na Iowa karibu dola 290. Ndugu yetu hakuwa nazo. Alikuwa tayari kukopa.

Tulikaa naye mezani tukazisoma karatasi zake moja moja. Alikuwa na hati mbili za W-2, kila mwajiri na yake. Ya Kentucky ilionyesha mshahara wa dola 16,000, na ya Iowa dola 19,500. Yule mjazaji alizijumlisha akapata 35,500, akaandika kwamba ndugu huyu alikuwa mkazi wa Iowa mwaka mzima, basi. Kwa Kentucky hakujaza kitu. Kumbe mshahara wa Kentucky ulikuwa umekwisha kukatwa kodi ya Kentucky, asilimia 4, wiki kwa wiki. Sasa Iowa nayo inaudai! Jasho moja, watoza kodi wawili.

Wengi wetu tuliofanya kazi ya mshahara kwetu Kongo, Burundi au Rwanda tulizoea mwajiri akate kodi na hesabu iishie hapo. Hapa Marekani sivyo. Kinachokatwa kila wiki ni makisio tu. Hesabu yenyewe unaifanya wewe mwanzoni mwa mwaka unaofuata, tena mara mbili: serikali kuu peke yake, na jimbo peke yake. Fomu ya serikali kuu ni moja tu, hata kama umehama mara tatu. Lakini kwa jimbo, aliyeishi na kupata mshahara katika majimbo mawili yanayotoza kodi hiyo hujaza fomu mbili, na katika kila moja anajieleza kuwa ni mkazi wa sehemu ya mwaka. Maneno hayo ndiyo ufunguo, na ndiyo yule bwana aliyoyaruka.

Iowa ina namna yake ya kuhesabu, nayo huwatisha watu. Kwanza inapiga kodi kama kwamba fedha zote za mwaka ni zake. Mtu akiishia hapo anaona deni. Kisha kuna ukurasa mwingine, IA 126, ambapo unaonyesha sehemu uliyoipata ukiwa mkazi wa Iowa. Kwa ndugu yetu ilikuwa 19,500 katika 35,500, yaani kama 55 katika kila 100. Hizo 45 zinazobaki zinaondolewa. Kodi yake ikashuka kutoka dola 710 hivi hadi 390 hivi, na kwa kuwa kiwanda kilikuwa kimemkata karibu 420, deni likafutika na jimbo likawa ndilo linalomdai salio. Kentucky tulimjazia fomu 740-NP. Huko kilichokatwa na kilichotakiwa vilikaribiana sana.

Fomu mbaya ilikuwa haijapelekwa. Hiyo ilikuwa bahati. Ikisha kupelekwa hurekebishwa pia, ila ni kazi ndefu.

Waliotoka Texas, Tennessee au Florida wana nafuu: majimbo hayo hayatozi kodi ya mshahara, kwa hiyo huko hakuna fomu ya kujaza. Lakini wasikubali jimbo jipya lihesabu mshahara wa Texas kuwa wake. Ndugu wanaokaa Illinois, ng'ambo ya Mississippi, na kuvuka kila siku kuja kazini Iowa, hao hawakuhama. Majimbo hayo mawili yana mapatano: mshahara unatozwa kodi pale unapolala. Mwambie mwajiri akukatie ya Illinois.

Jambo linalotuudhi zaidi ni la kampuni zenye viwanda katika majimbo mengi. Mfanyakazi anahamishwa, na ofisi ya mishahara inaendelea kukata kodi ya jimbo la zamani kwa miezi. Tazama W-2 yako, visanduku vya 15, 16 na 17: jina la jimbo, mshahara, kodi iliyokatwa. Kama ulihama na unaona jimbo moja tu, dai hati iliyosahihishwa, inayoitwa W-2c. Usiione haya kuidai. Na siku ya kwanza katika kiwanda kipya jaza karatasi ya makato ya jimbo jipya.

W-2 inatakiwa itumwe kabla Januari haijaisha. Hutumwa kwa anwani aliyonayo mwajiri, kwa hiyo wape kiwanda cha zamani anwani mpya mapema. Mwisho wa kupeleka fomu ya serikali kuu na ya Kentucky kwa kawaida ni Aprili 15. Ya Iowa ni Aprili 30.

Kuna vituo vya VITA, vilivyoanzishwa mwaka 1969, vinavyojaza fomu bure kwa watu wa kipato kidogo. Ulizeni kwanza kama wanajaza na za jimbo la pili.

Mkija kwetu leteni W-2 zote, mkataba wa nyumba mpya wenye tarehe, na kadi za Sosho Sekyuriti za watoto. Asiyesoma Kiingereza asiogope. Sisi wenyewe tuliishia shule ya msingi, na fomu hizi tulijifunza kwa kukosea.