Kiti laini si dawa ya mgongo wa mhudumu wa bodaboda

SIMAMA karibu na soko la Kalundu mjini Kitui, au kwenye steji yoyote mjini Wote, majira ya jioni, uwatazame wahudumu wa bodaboda wakishuka kutoka kwa pikipiki zao. Mmoja anajishika kiuno. Mwingine anasimama kwanza juu ya vikanyagio, anajinyoosha, kisha ndipo anapovusha mguu upande wa pili. Wa tatu anapiga hatua chache akichechemea, kwani mguu mmoja umekufa ganzi.

Ukiwauliza, lawama ya kwanza huangukia kiti. Na dawa ya kwanza huwa ni kumwendea fundi wa jua kali aongeze sponji. Kiti kinarudi kimefura kama mto wa kulalia, kimevishwa ngozi bandia ya rangi za kupendeza, na kwa siku chache mwenyewe anakisifu. Baada ya mwezi mmoja maumivu yako palepale, na pengine yamezidi.

Jambo hili linakuhusu hata wewe msomaji unayeishi Nairobi au Mombasa. Huenda ndiwe uliyemnunulia ndugu yako pikipiki ili ajitafutie riziki nyumbani. Na ukishuka basi Emali, Kibwezi au Mwingi mwishoni mwa mwezi, utapanda nyuma ya pikipiki kama hiyo ili ufike kwa wazazi. Mgongo wa mwendeshaji ukiharibika, karo, unga na matibabu ya jamaa nzima huwa mashakani.

Biashara hii yenyewe ilianza kwa kushughulikia kiti. Vijana wa Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, walipoanza kubeba watu kwa baiskeli katika miaka ya sitini, walifunga mto juu ya keria ya nyuma ili abiria asiumie. Baadaye baiskeli ziliipisha pikipiki, hasa baada ya serikali ya Kenya kuondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo mnamo 2008. Safari zikawa ndefu na saa za kazi zikaongezeka, lakini ni wachache wanaojiuliza kiti chao kinawafanyia nini mwilini.

Kinachouma ni nini?

Mtu akiketi wima, uzito wa sehemu ya juu ya mwili wake hutua juu ya mifupa miwili iliyo chini ya makalio. Ukikalia viganja vyako kwenye benchi utaihisi mara moja. Mifupa hiyo imeumbwa kubeba mzigo. Nyama laini iliyo katikati yake, ambamo hupita mishipa ya fahamu na ya damu inayoelekea sehemu za siri, haikuumbwa kwa kazi hiyo.

Juu ya mifupa hiyo umesimama uti wa mgongo. Kati ya pingili zake kuna visahani laini vinavyopunguza mshindo. Kwa mtu mzima, visahani hivi karibu havina mishipa ya damu ndani yake. Hupata lishe kwa majimaji yanayoingia na kutoka mwili unapojinyoosha na kubadilisha mkao. Anayeketi saa nyingi bila kusogea huvinyima lishe hiyo, na akiketi amejikunja huvibana zaidi upande mmoja.

Kisha kuna mtikisiko. Wataalamu waliopima miili ya madereva wa matrekta na malori wamegundua kwamba uti wa mgongo hutikisika zaidi kiti kinaporuka kati ya mara 4 na 8 hivi kwa sekunde. Mtikisiko wa aina hiyo, siku baada ya siku kwa miaka mingi, unahusishwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo. Ndiyo sababu nchi za Muungano wa Ulaya, kwa agizo la mwaka wa 2002, ziliweka viwango vya mtikisiko ambavyo mwajiri haruhusiwi kuvipita katika siku ya kazi ya saa 8. Mhudumu wa bodaboda hana mwajiri wa kumpimia, na siku yake mara nyingi hupita saa 8.

Barabara za huku nazo zina mchango wake. Lami ya kutoka Kitui kupitia Mutomo hadi Kibwezi imewaondolea wengi adha. Lakini abiria wengi hawaishi kando ya lami. Ukiiacha tu unakutana na changarawe iliyojikunja migongomigongo, mawe, na mchanga wa mito ya msimu kama Tiva na Thua.

Makosa ya sponji laini

Sasa tunaweza kuona kwa nini kile kiti kilichofura hakisaidii. Sponji nyepesi, kama ile ya magodoro ya bei nafuu, hubonyea mara mtu anapoketi. Mifupa miwili huzama mpaka ikagusa ubao au plastiki iliyo chini. Wakati huohuo sponji isiyobonyezwa hupanda juu katikati na kuibana ile sehemu isiyostahili kubeba uzito. Hapo ndipo ganzi huanzia.

Isitoshe, sponji laini sana hufanya kazi kama springi. Pikipiki ikipita kwenye migongo ya barabara, inaweza kuuongeza mruko badala ya kuupunguza.

Sponji inayofaa ni nzito na ngumu kiasi. Ibonyeze kwa kidole gumba kwa nguvu. Inapaswa kukataa kidogo, ibonyee polepole, kisha irudi mara moja unapoiachilia. Ikibaki na shimo, imekwisha. Ikizama mpaka ukahisi ubao, ni laini mno. Mafundi wengine hutandika tabaka mbili: chini ile ngumu iliyotengenezwa kwa vipande vilivyogandishwa pamoja, na juu tabaka jembamba lililo laini kidogo. Mpango huo ni mzuri.

Usikihukumu kiti kwa kukikalia dakika moja mbele ya kibanda cha fundi. Karibu kila kiti ni kitamu kwa dakika moja. Mwombe fundi akuruhusu ukiendeshe nusu saa kabla hajakifunga kabisa, na upite mahali palipo pabaya.

Upana, mlalo na kimo

Upana ni muhimu kuliko unene. Kuna njia rahisi ya kujipima. Weka kipande cha katoni juu ya kiti kigumu, ukikalie dakika moja huku umeinama mbele kidogo, kisha utazame. Utaona vishimo viwili. Kwa watu wengi umbali kati yake ni kama sentimita 10 hadi 14, na wanawake kwa kawaida huwa na umbali mkubwa kuliko wanaume. Mahali pa kukalia pawe na upana wa kuvibeba vishimo vyote viwili na nafasi ya ziada pande zote mbili. Mbele, karibu na tangi, kiti kiwe chembamba ili mapaja yasipanuliwe na miguu ifike chini.

Tazama pia mlalo wake. Viti vingi vilivyoshonwa upya huteremka kuelekea kwenye tangi. Kila breki inapofungwa mwendeshaji husukumwa mbele, na uzito unahama kutoka kwenye mifupa hadi kwenye kinena. Kiti kiwe tambarare pale panapokaliwa.

Mwaka wa 2008 watafiti wa taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, walichapisha matokeo ya uchunguzi kuhusu polisi 90 wanaoshika doria kwa baiskeli. Walipewa viti visivyo na ile pua ya mbele, wakavitumia kwa miezi 6. Ganzi ya sehemu za siri ilipungua sana. Pikipiki si baiskeli, lakini funzo ni lilelile: uzito ubebwe na mifupa.

Kuhusu kimo, tahadhari. Ukiongeza sponji ya sentimita 5 umemwinua mwendeshaji kwa karibu kiasi hicho. Kwenye lami huenda asione tofauti. Lakini kwenye mchanga, akiwa na abiria nyuma, ni lazima aweze kuweka nyayo chini upesi. Anayegusa kwa ncha za vidole ataanguka, na mguu uliovunjika ni mbaya kuliko kiuno kinachouma. Kama mwendeshaji ni mfupi, afadhali abadilishe sponji iwe bora zaidi bila kuiongeza.

Joto na jasho

Makueni na Kitui zina jua kali, na pikipiki huegeshwa juani ikingoja abiria. Ngozi bandia nyeusi huchoma, haipitishi hewa, na humfanya mtu kuloa jasho. Matokeo yake ni ukurutu wa kinena unaosababishwa na fangasi, majipu, na ngozi kuchubuka.

Katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, jeshi la Marekani lililazimika kuwalaza hospitalini karibu wanajeshi 80,000 kwa sababu ya uvimbe wenye usaha uliotokea juu kidogo ya mpasuko wa makalio. Madaktari waliupa jina la ugonjwa wa jeep, kwa vile wengi wa wagonjwa walikuwa wamezunguka muda mrefu kwenye magari hayo yenye viti vigumu na kurushwarushwa. Nywele, jasho na msuguano hushirikiana kuuleta. Mwendeshaji anayehisi kivimbe chenye maumivu mahali hapo asione haya kwenda kwa daktari.

Chagua ngozi bandia ya rangi isiyokolea, isiyoteleza sana. Mishono ipite kandoni, isipite pale unapokalia. Chini ya ngozi hiyo fundi aweke karatasi ya plastiki ili mvua isilowanishe sponji. Pikipiki ikiegeshwa, ifunike kiti kwa gunia au kitambaa. Chupi ya pamba inayobadilishwa kila siku husaidia kuliko mapambo yote ya kiti.

Abiria na mizigo

Sheria ya trafiki nchini inaruhusu abiria mmoja tu. Anayebeba wawili husukumwa mbele hadi kwenye tangi, na hapo hakuna kiti kitakachomwokoa. Kiti kizuri kina kituta kidogo kinachotenganisha sehemu ya mwendeshaji na ya abiria, ili abiria asimtelezee kila breki inapofungwa. Mwendeshaji naye hupata pa kuegemeza kiuno chake.

Abiria apate vikanyagio vya kuwekea miguu yote miwili. Kuketi upande upande, kama wafanyavyo akina mama wengi waliovaa sketi, huupinda uti wa mgongo na kurahisisha kuanguka. Mama mjamzito, hasa katika miezi ya mwisho, atafute gari inapowezekana.

Magunia ya ndengu, makreti ya maembe na mitungi ya maji ya lita 20 hukipasua kiti kabla ya wakati wake. Mzigo ufungwe kwenye keria.

Yale ambayo kiti hakiwezi

Hata kiti bora hakitashinda springi za nyuma zilizokufa. Zikaguliwe, na zile zinazovuja mafuta zibadilishwe. Upepo wa magurudumu uwe wa kiasi alichoagiza mtengenezaji. Gurudumu lililojazwa kupita kiasi hupeleka kila jiwe mgongoni.

Kwenye matuta, mwendeshaji ajiinue kidogo juu ya vikanyagio. Magoti ni springi alizopewa bure. Kila baada ya saa moja hivi ashuke, atembee, ajinyooshe kwa kupinda mgongo nyuma. Na anywe maji. Wengi hujinyima maji ili wasisumbuke kutafuta choo, na katika joto la Ukambani tabia hiyo hukaribisha vijiwe vya figo, ambavyo maumivu yake watu huyasingizia kiti.

Dalili za kutopuuza

Ganzi inayotoweka dakika chache baada ya kushuka husababishwa na kubanwa, na kiti kinaweza kurekebishwa. Maumivu ya kiuno yanayodumu kwa majuma kadhaa, au yanayoteremka mguuni hadi chini ya goti, yanahitaji kuonwa na daktari.

Lakini kuna hali moja ambayo haingoji hata asubuhi. Mtu mwenye maumivu ya mgongo akipata ganzi isiyoisha katika sehemu zote zinazogusana na kiti, yaani kinena, sehemu za siri na makalio, au ashindwe kukojoa, au mkojo na choo vimtoke bila kujua, au miguu ilegee, apelekwe hospitalini saa hiyo hiyo. Huenda kisahani kimepasuka na kukandamiza mishipa ya fahamu iliyo mwisho wa uti wa mgongo. Upasuaji wa mapema unaweza kumwokoa. Akicheleweshwa anaweza kubaki na ulemavu wa kudumu. Hatari iliyopo ni kwamba mwendeshaji amezoea ganzi, na atadhani ni ileile ya kila siku.

Basi mwisho wa mwezi ukifika nyumbani, kabla ya salamu kwisha na chai kuletwa, kiendee kiti cha pikipiki ya ndugu yako. Kibonyeze kwa kidole gumba. Kisha umwulize, mkiwa wawili tu, kama ile ganzi huisha akishuka.