Maji ya Tumboni Hupimwaje?



Mzee anapewa kidonge chake cha presha. Anakitia mdomoni, anapiga funda moja la maji, kisha anajilaza. Mjukuu anamwambia, "Bibi, ongeza maji." Naye anajibu, "Yatosha, mwanangu. Tumboni maji yamo."

Je, ni kweli maji yamo? Na kama yamo, ni kiasi gani? Wataalamu wamelipima jambo hili kwa kupiga picha za ndani ya tumbo. Leo tutaeleza walivyopima, waliyoyaona, na faida yake kwa wazee wetu wa Mtoni, Bububu na kwengineko.

MAJI YANATOKA WAPI, YANAKWENDA WAPI?

Kwa siku moja mtu mzima hupata kiasi cha lita 2 za maji kwa kunywa na kula. Lakini mwili nao humwaga maji yake ndani ya njia ya chakula. Mate ni kiasi cha lita 1 au zaidi kidogo. Tumbo hutoa maji makali kiasi cha lita 2. Nyongo hutoka kwenye ini. Kongosho na utumbo nao hutoa maji yao. Ukijumlisha yote, utapata kiasi cha lita 9 kwa siku.

Kumbe ni mengi hivyo! Basi mbona tumbo halijai?

Halijai kwa sababu maji hayo hayakai. Utumbo mwembamba huyanyonya mengi na kuyarudisha katika damu. Utumbo mpana hunyonya karibu yote yaliyobaki. Mtu mwenye afya hutoa maji chini ya gilasi moja katika choo chake cha siku.

Ni kama duka. Mauzo ya siku nzima yaweza kuwa makubwa. Lakini ukivuta mtoto wa meza saa yoyote, utakuta fedha kidogo tu. Nyingine zimeshatoka kununua bidhaa. Tumbo nalo ni hivyo hivyo. Yanayopita ni mengi. Yaliyomo kwa wakati mmoja ni machache.

JINSI YA KUPIMA

Zamani, aliyetaka kujua yaliyomo tumboni alipitisha mpira mwembamba puani hadi tumboni, kisha akayavuta maji. Kazi hii humsumbua mgonjwa, tena haionyeshi maji yote yaliyomo katika utumbo mrefu.

Picha za eksirei zilianza mwaka 1895. Aliyegundua miale yake ni Wilhelm Röntgen wa Ujerumani. Eksirei huonyesha mifupa vizuri sana, lakini haiwezi kupima vizuri maji ya tumboni.

Baadaye ikaja mashine nyingine, inayoitwa MRI. Mashine hii haitumii miale ya eksirei. Hutumia sumaku kubwa yenye nguvu. Waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003 kwa kazi ya picha hizi ni Paul Lauterbur wa Marekani na Peter Mansfield wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza. Tanzania mashine hizi zipo, kwa mfano katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam.

Inafanyaje kazi? Mabaharia wetu wanaijua dira. Sindano ya dira hufuata sumaku. Sasa, ndani ya maji mna chembe ndogo mno, hazionekani kwa macho. Kila chembe ni kama sindano ndogo ya dira. Mtu akilazwa ndani ya mashine, chembe nyingi hujipanga kufuata sumaku. Mashine hupeleka mawimbi kama yale ya redio, na chembe zikayumba. Mawimbi yakikatwa, chembe hurudi mahali pake, na zikirudi hutoa ishara. Kompyuta huzipokea ishara hizo na kuzigeuza kuwa picha. Picha zikipigwa kwa namna maalumu, maji hung'aa meupe.

Sasa yapimweje? Chukua boflo la mkate ulikate vipande vipande. Mashine nayo hulikata tumbo kwa picha, si kwa kisu. Kila picha ni kipande kimoja. Mtaalamu hupima eneo la weupe katika kila kipande, kisha huzidisha kwa unene wa kipande. Kwa mfano, eneo la maji likiwa sentimita za mraba 5, na unene ni sentimita 1, basi maji ni 5 × 1, yaani mililita 5. Hicho ni kijiko kimoja cha chai. Akijumlisha vipande vyote, amepata maji yote.

WALIYOYAONA

Mwaka 2005 wataalamu wa Ujerumani walitoa matokeo ya vipimo vya watu wazima 12 wenye afya. Wakiwa hawajala, tumboni mlikuwa na wastani wa mililita 45 za maji. Katika utumbo mwembamba zilikuwamo 105. Baada ya kula, maji ya tumboni yaliongezeka sana. Lakini ya utumbo mwembamba yalipungua, yakawa mililita 54 tu. Watu hao walimeza pia vidonge maalumu vya kupimia. Vidonge vingine vilikutwa pahala pasipo na maji kabisa.

Mwaka 2014 yalitoka matokeo mengine, ya vipimo vilivyofanywa Nottingham. Watu 12 walikaa bila ya kula tangu usiku, kama mtu aliyefunga. Tumboni mwao mlikuwa na wastani wa mililita 35. Hizo ni vijiko 7 vya chai. Kisha kila mmoja alikunywa mililita 240, yaani gilasi moja iliyojaa. Baada ya dakika 13 tu, nusu ya maji ilikuwa imekwisha kutoka tumboni. Zilipofika dakika 45, tumbo lilikuwa kama lilivyokuwa mwanzo. Na katika utumbo mwembamba, maji hayakupata kuzidi wastani wa mililita 94. Yalikuwa yakiingia huku yakinyonywa.

Tena waliona jambo jengine. Maji ya utumbo mwembamba hayakai kwa mfululizo. Hukaa mafungu mafungu, hapa kidogo na pale kidogo.

Jina la Mtoni latokana na mto mdogo unaoteremka baharini, karibu na magofu ya jumba la Sayyid Said. Wengi tulidhani utumbo nao ni kama mto huo, umejaa maji toka juu hadi chini. Picha zinasema sivyo. Utumbo ni kama njia ya shamba baada ya mvua. Pana kidimbwi hapa, pakavu hapa, kidimbwi kule.

KWA NINI WAPIMWE WAZEE?

Vipimo tulivyovitaja vilifanywa kwa watu wenye afya. Lakini anayemeza vidonge vingi ni mzee. Ana presha, ana sukari, ana maumivu ya viungo. Ndiyo maana wataalamu wakaanza kuwapima wazee pia.

Kidonge hakifanyi kazi kikiwa kizima. Lazima kwanza kiyayuke katika maji. Kisha dawa hunyonywa na kuingia katika damu. Pasipo na maji ya kutosha, dawa nyingine huchelewa.

Mwili wa mzee una mabadiliko yake. Maji ya mwilini hupungua. Kiu nayo hupungua, hata mzee akaweza kukaukiwa asijisikie kiu. Mate yaweza kupungua, hasa kwa sababu ya baadhi ya dawa anazotumia. Mwenye sukari ya miaka mingi, tumbo lake laweza kuchelewa kumwaga kilichomo. Na wazee wengine hawanywi maji makusudi. Wanaogopa kuamka usiku kwenda chooni.

Hapo ndipo funda moja linapoleta hatari. Kidonge chaweza kunasa njiani kabla ya kufika tumboni, kikachoma na kufanya kidonda. Dawa kama doksisiklini, aspirini na vidonge vya kuongeza damu vinajulikana kwa jambo hilo. Mzee huhisi kifua chawaka, na akimeza chakula kinamuuma. Watu wakadhani ni moyo, kumbe ni kidonge.

Na mzee akiharisha je? Zile lita zinazomwagwa na mwili hazirudi tena katika damu, zinatoka nje. Mwenye kipindupindu aweza kupoteza lita nyingi kwa siku moja. Mzee hana akiba kubwa ya maji, basi hudhoofika upesi.

TUFANYE NINI?

Hatuna haja ya kwenda hospitali kuomba tupimwe maji ya tumboni. Vipimo hivyo ni vya uchunguzi. Picha ya MRI hupigwa daktari akiona lazima. Anayeitwa kupigwa picha hiyo aseme mapema kama mwilini mna chuma au mashine ya moyo. Sisi tuyachukue mafunzo yake:

1. Meza dawa kwa gilasi nzima ya maji safi, si kwa funda. Vidonge vikiwa vitatu vya wakati mmoja, gilasi hiyo moja yatosha.

2. Meza ukiwa umekaa au umesimama. Usilale kwa nusu saa baada yake.

3. Fuata maneno ya daktari kuhusu kumeza kabla au baada ya kula. Tumeona kuwa chakula hubadilisha maji ya tumboni.

4. Mpe mzee maji kidogo kidogo mchana kutwa, hata asipoomba. Mkojo wa rangi nzito, ulimi mkavu, kizunguzungu na kuchanganyikiwa ni dalili za kukaukiwa.

5. Akiharisha, mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti mara moja. Pakiti ikikosekana, tia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita 1 ya maji safi. Vijiko viwe vya kusawazisha, si vya kujaza. Kisha mpeleke kituo cha afya.

6. Kabla ya Ramadhani, mzee anayetumia dawa amuone daktari. Saa za dawa zaweza kupangwa upya, futari na daku. Asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe.

Tahadhari: wako wagonjwa wa moyo na wa figo walioambiwa na daktari wapunguze maji. Hao wafuate kiasi walichopewa. Na mzee anayepaliwa kila anapokunywa, hasa aliyepata kiharusi, asilazimishwe. Apelekwe kwa daktari.

Basi Bibi akisema, "Tumboni maji yamo," mjibu kwa adabu: "Yamo, Bibi, lakini vijiko saba tu. Kunywa gilasi hii."

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa siku moja, maji mangapi huingia katika njia ya chakula?
2. Kwa nini kidonge kinahitaji maji?
3. Nyumbani kwenu mna mzee anayetumia dawa? Humeza kwa maji kiasi gani?