Shamba la Jirani ni Ghali, Lakini Piga Hesabu ya Majani

Mfugaji wa Ndhiwa au Rongo akisikia jirani anauza ekari moja, hununua hata kama kule mbali zipo za bei nafuu. Wapo wanaomcheka. Wangeuliza kwanza majani yanabebwa na nani.

Ng'ombe wa gredi hula karibu kilo 70 za nepia mbichi kwa siku, na sehemu kubwa ya uzito huo ni maji. Shamba likiwa mbali, huo ni mzigo wa bodaboda kila siku. Ukilipa shilingi 200 tu kwa safari, mwaka unakwisha umetoa 73,000 kwa ng'ombe mmoja, na mkataji hujamlipa. Samadi nayo ni nzito, kwa hiyo shamba la mbali utalinunulia mbolea. La jirani, toroli inatosha.

Je, ukifuata shamba la mbali hadi Bonde la Lambwe? Udongo mweusi hunasa magari mvua ikinyesha, na karibu na Mbuga ya Ruma kuna mbung'o wanaoeneza nagana. Weka dawa yake kwenye bei.

Kukodi kunamfaa asiye na pesa taslimu, ila si kwa msimu mmoja. Nepia hungoja miezi mitatu au minne kabla ya kukatwa mara ya kwanza, kisha huvunwa miaka kadhaa. Ukikodi kwa msimu, umempandia mwenye shamba. Dai miaka miwili, kwa maandishi.

Ukinunua, bei ya dalali ni mwanzo tu. Ushuru wa stempu ni asilimia 2 mashambani lakini 4 ndani ya manispaa, kwa hiyo uliza kiwanja kiko upande gani. Kuna wakili, kuna mpima ikiwa shamba linagawanywa. Kibali cha bodi ya ardhi kiombwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bila kibali mauzo ni batili. Mke wa muuzaji asipokubali kwa maandishi, usitoe hata senti.

Hatimiliki ikiwa bado kwa jina la marehemu babu, achana nayo hadi mirathi ikamilike, hata upunguziwe nusu ya bei.

Na kama lazima uuze ng'ombe anayekamuliwa ndipo ulipe, kodi kwanza. Marando ya Kabondo na vilele vya miwa vya Awendo vitakusogeza hadi jirani mwingine auze.